Hodi Uliyotukataza

Shikamoo, Dada Upendo.

Ungekuwepo ungeitikia kama ulivyozoea: "Marahaba Zainabu, umenawa uso?" Ndivyo ulivyotusalimia kila asubuhi kwa simu tangu ofisi ilipofungwa kwa ajili ya korona, nasi vijana tulicheka kwa sababu ulijua kabisa kwamba wengine bado tumejifunika shuka. Leo nimenawa. Nimevaa na viatu. Nimekaa chumbani kwangu hapa Ujiji, nina hasira nawe, na sina mwingine wa kumwambia.

Nianze na habari za huku. Ofisi haijafunguliwa hadi leo. Watu wamesharudi sokoni na misikitini wanabanana kama zamani, lakini wakubwa wetu wameona kazi inakwenda vizuri tukiwa majumbani, basi tubaki huko huko. Wakimbizi wapo kambini na bado wanahojiwa kwa simu: afisa yuko kwake, mkimbizi yuko kambini na simu ya kuazima, mimi katikati nageuza Kirundi kuwa Kiswahili. Kiha cha mama yangu ndicho kilichonipa kazi hii, maana mwenye Kiha hapotei kwenye Kirundi. Wewe wa Njombe ulijua salamu tu, na hata hiyo uliivuruga. Ulikuwa unawaambia watu "Mwakeye", salamu ya asubuhi, jua likizama, nao kwa heshima wakaitikia.

Wameajiri vijana wapya. Mkuu wetu wa Dar es Salaam amenipigia akasema mimi ndiye nitakayewafundisha namna ya kuzoea kazi ya nyumbani, kwa kuwa nililelewa nawe kazini. Ni kesho asubuhi, kwa simu, wakubwa wote wakisikiliza. Amenitumia na bango. Lina picha ya mlango uliotundikwa kitenge, na chini yake wameandika kwamba hiyo ni njia yako na ofisi zote ziifuate. Jina lako wameliandika kwa wino mnene. Wamekusifu sana, Dada. Nimeliangalia bango lile, kisha nikaizima simu.

Unakumbuka kitenge kilivyoanza. Kwetu Ujiji mtu anapiga hodi huku mguu umeshaingia. Hodi yetu ni ya kukujulisha, si ya kukuomba. Na nyumba ya mama haina dari, neno likisemwa chumba cha mwisho linasikika sebuleni. Siku ile nilikuwa namtafsiria mama mmoja aliyepotezana na mtoto wake wakati wa kuvuka mpaka. Alilia, nami nikayarudia maneno yake yote kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, kama ulivyotufundisha, bila kupunguza. Jioni shangazi yangu alirudi kutoka bombani akaniuliza kwa huruma, "Yule mama wa Burundi, hivi mtoto alimpata?" Nyuma yake walisimama majirani, nao wanangoja jibu.

Nilikupigia nikilia. Ulikuja siku hiyo hiyo kwa bodaboda kutoka kwako Kasingirima, vumbi mpaka kwenye nyusi, ukakaa mkekani na mama. Mama alikuambia, "Mimi namwona yumo tu ndani na simu yake. Kazi gani hiyo isiyo na jasho?" Hukumbishia. Ulikula ugali wake na samaki wa mgebuka, ukasifu, ukaongezwa. Ulipokwisha kunawa ndipo ukatoa kitenge mkobani, ukakitundika kwenye mlango wa chumba changu. "Mama, kitenge hiki kikiwa hapa, Zainabu hayupo. Ameenda kazini. Hata nyumba iungue, mngojeni arudi." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alitii, na hakuwahi kutii kitu upesi namna ile.

Ulizunguka nyumba zetu zote hivyo. Kwa mwenzetu Bonifasi kule Buzebazeba, baba yake alikuwa anamtoa kwenye simu akalime, kwa kuwa kijana mzima anayekaa ndani mchana ni aibu ya ukoo. Ukamfundisha Bonifasi atoke kwa mlango wa nyuma, amevaa viatu, azunguke nyumba aingie kwa mlango wa mbele kama mtu anayefika ofisini, amwamkie baba yake upya. Tulimcheka. Halafu wote tukaanza kufanya vile. Mimi nilikuwa na aibu ya kukaa nyumbani mchana kama niliyefukuzwa kazi, na ni wewe uliyeniondolea. Hilo sitalikana hata nikiwa na hasira namna gani.

Basi mitaa yetu ikajifunza. Watoto wakawa wanaambizana wapite mbali, kuna kitenge. Mji usiojua kungoja nje ya mlango, wewe ukaufundisha kungoja.

Asubuhi ile hukutupigia. Bonifasi akasema labda una kikao na wakubwa, nami nikakubali, kwa kuwa wakubwa walikuwa hawakuachi upumue. Mama Hadija, jirani yako, alikuletea chupa ya chai na maandazi kama kawaida yake. Akakuta kitenge mlangoni. Akaiweka chupa barazani akarudi zake. Mchana akapita tena, chupa iko vile vile, kitenge kiko vile vile, akawafukuza watoto waliokuwa wanacheza mpira uani ili wasikupigie kelele. Dada, aliwafukuza watoto. Mara nyingine nalifikiria hilo tu na kazi zote zinanishinda.

Alasiri ndipo Bonifasi alipopita kukuona, akaiona chupa, akaniita. Tulikukuta chini, kati ya kitanda na meza, hedifoni bado masikioni. Daktari alisema sukari ilishuka. Alisema ungewahiwa asubuhi, kitu kidogo tu cha utamu kingetosha, hata chai. Mama Hadija alikuwa amesimama pale akisikia. Chai yake huwa anaitia sukari mpaka kijiko kinagoma kuzunguka, wewe mwenyewe ulikuwa unamtania. Tangu siku hiyo hapiki chai. Ukimsalimia anakuambia neno moja tu, "Mimi niliheshimu kazi."

Na hapa ndipo nakulaumu. Kwa nini hukutuambia? Sindano zako za kisukari tulizikuta kwenye friji, nyuma ya dagaa. Ulituuliza kila siku nani amekula, nani ana kikohozi, nani amegombana na baba yake. Ulikuja mpaka kwenye mikeka ya mama zetu. Hukumpa hata mmoja wetu nafasi ya kuja kwako. Uliishi peke yako mji wa ugenini, na walinzi pekee uliokuwa nao ni majirani wanaoingia bila kuombwa, ukawakataza. Nisamehe. Nakasirika halafu nakukumbuka ulivyokuwa unakula ule mgebuka kwa mikono miwili, nalia.

Hao wakubwa siwaombi msamaha. Tangazo la ofisi lilisema umefariki "akiwa nyumbani kwake", basi, kama vile ulikuwa umelala kitandani siku ya mapumziko. Ulipokuwa hai walituambia nyumbani ni ofisini. Ulipokufa, nyumbani pakawa nyumbani. Kijana mmoja tu alitumwa kusindikiza gari hadi Njombe, na sisi uliotulea tukaambiwa tutoe rambirambi kwa simu kwa sababu mahojiano hayawezi kusimama. Siku ya mazishi yako nilikuwa namtafsiria mtu. Sikumbuki alisema nini, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimevaa viatu.

Sasa kuna binti mmoja katika hao wapya, anaitwa Glory, ametoka Singida. Amepanga chumba Buzebazeba, hana ndugu hapa, na Kiha hajui hata salamu. Jana aliniandikia: "Dada Zai, nimeliona bango. Ninunue kitenge cha rangi gani?" Sijamjibu. Nimeshika simu mara kadhaa nikaiweka. Namwona amekaa kwenye kile chumba, amefuata kila kitu tulichomwambia, majirani wanapita kwa kunyata.

Nilimwambia mkuu kwamba bango nisingependa kulifundisha. Akanijibu kwa upole wao ule kwamba limeshapitishwa, na kwamba kama naona kazi hii ni nzito wapo wengi wanaoitaka. Mama anasema ninyamaze, nyumba hii inaniangalia mimi. Anasema kweli. Lakini ni mama huyo huyo ambaye siku hizi anakipita kitenge changu, anaingia na kikombe cha uji, ananitazama usoni, anatoka. Nimemruhusu. Nikiwa na mtu kwenye simu nafunika kinywa cha simu mpaka amalize. Siri ya yule mama aliyepoteza mtoto bado ni siri, hilo ulilolipigania halijaharibika.

Glory hana mama hapa. Kwa hiyo kesho, kabla hatujaanza, nitakwenda kwake kwa miguu, nikae naye, tuongee na wakubwa tukiwa wawili ubavu kwa ubavu. Nitamtafutia jirani mmoja, tumpe ruhusa ya kuingia wakati wowote, kitenge kiwepo kisiwepo. Na wote wanaoishi peke yao nitawaandalia hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, kama wewe ulivyotuzungukia. Wakitaka kunifukuza kwa hilo, wanifukuze nikiwa nimeshamaliza kuzunguka.

Kwaheri, Dada Upendo. Sijaliona kaburi lako na sijui lini nitafika huko kwenu kwenye baridi. Nakuahidi jambo hili moja. Kesho watakaponikaribisha niwaeleze vijana habari za bango, na mkuu anasikiliza, nitawaeleza habari zako hadi mwisho. Nitasema hukufa nyumbani. Ulifia kazini, saa za kazi, na mlango wako haukuwa umefungwa. Bonifasi aliusukuma kwa kidole tu, ukafunguka.

Mimi wako,
Zainabu