Kumi na Tano Nukta Mbili

Shangazi mshauri, nisaidie, maana nyumbani nimeishiwa uongo. Mimi ni fundi wa mizani, mwaka wa ishirini na sita sasa, nina miaka hamsini na miwili na kitambi cha heshima, na miezi mitatu iliyopita wauguzi walikuja sokoni kupima watu sukari bure, nikapanga foleni kwa sababu tu jirani yangu muuza nafaka alinitania kuwa naogopa sindano, wakanitoboa kidole, mashine ikasoma kumi na tano nukta mbili, muuguzi akaiandika kwenye karatasi na kuniambia, "Baba, namba hii si ya kulala nayo, kesho asubuhi nenda hospitali kabla hujala kitu." Nikaitikia vizuri sana, nikaitia karatasi kwenye kasha la miwani, na sikwenda.

Sababu yangu ni ya kifundi. Katika kazi yetu kipimo kikisoma ajabu unakagua kipimo kwanza, humshuku mteja, kwa hiyo nikasema kile kimashine kimeshinda juani, hakiwezi kuwa sawa, nikaenda kwa shemeji yangu mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye anacho chake, kikasoma kumi na sita, nikamwambia nacho ni kibovu, nikachukua bisibisi nimfungulie, akanipokonya. Sasa kiu hainiachi, mistari midogo ya mizani naisoma kwa kubahatisha, na unyayo wa kushoto una ganzi, juzi nimetoka uani mpaka sebuleni na ndala moja bila kujua nyingine imechomoka, mke wangu akacheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba naogopa kuambiwa. Nimweleze mke wangu, au nipunguze soda kwanza ili niende na namba nzuri?

Fundi wa Mizani

*

Fundi, pole. Siwezi kukucheka sana, mimi niliyekaa na jino bovu mwaka mzima nikisingizia upepo. Lakini nikuulize: mizani mbili za watu wawili zikisema gunia lile lile ni zito, utaendelea kufungua mizani? Gunia ni wewe, ndugu yangu.

Na hilo la kupunguza soda ili uende na namba nzuri, umejifunza kwa wenye maduka wanaosugua mizani asubuhi ya mkaguzi. Soda acha, ni vyema, ila usiifanye sababu ya kungoja. Daktari hakupi maksi, anatafuta ukweli.

Unaogopa kuambiwa. Kama sukari ipo, imo mwilini tangu kabla hujaambiwa, na kunyamaza kwako hakujaishusha hata kidogo. Ikijulikana ina matibabu, na wako wengi wanaoishi nayo na kazi zao wanafanya. Kinachonitisha mimi ni huo unyayo. Mguu usiosikia huumia bila kukwambia. Usitembee peku, na uukague kila siku.

Kesho asubuhi usinywe chai, maji ruhusa. Beba ile karatasi, omba damu ipimwe maabara, na taja yote, kiu, macho, ganzi, bila kupunguza. Dawa za shemeji usiziguse. Ukianza kutapika au kuhema kwa shida, usingoje asubuhi, nenda saa hiyo hiyo.

Mkeo mwambie leo, mkiwa mmekaa, kwa maneno machache: nilipimwa, ilikuwa juu, nikakuficha miezi mitatu. Atanuna. Mwache anune, kisha mwombe akusindikize, maana atauliza yale utakayoona haya kuyauliza, na majibu atayakumbuka. Hospitali hufungua mapema. Nyinyi fikeni mapema zaidi.