Msonobari wa Uani kwa Tyyne

Jumatatu, 14 Januari 2013

Digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Safi kabisa! Nimetoka saa tatu asubuhi, mbao za skii miguuni, betri mbili ndani ya sidiria – ukiziacha kwenye baridi zinakufa kabla hujafungua lenzi. Reijo aliponiona nazipachika akasema hajawahi kuona mwanamke wa miaka sitini na tatu anayeatamia betri. Acha aseme. Mume asiye na shughuli hukosa la kufanya ila kuchungulia kifua cha mkewe.

Msituni kimya. Wiki tatu hizi theluji imeganda juu ya misonobari na upepo haujavuma hata mara moja, mpaka miti imeinama kama wazee wanaotoka kanisani. Nilipiga picha arubaini na moja. Zote nzuri. Ndiyo shida yenyewe! Hakuna hata moja iliyonishtua.

Kamati ya kalenda ya kijiji inakutana Jumamosi. Miaka sita mfululizo wamenipa Novemba. Novemba! Mwezi wa tope na giza, ukurasa ambao watu wanaufunua huku wanapiga miayo. Januari ndio ukurasa wa mbele, na safari hii naitaka Januari, liwe liwalo.

Mti wa Januari ninaujua. Upo nyuma ya sauna ya jirani yangu Tyyne, kile kibanda chake cha kuogea mvuke; umesimama peke yake, mrefu, mwembamba, umevikwa theluji kutoka kileleni hadi chini. Mbele yake theluji tupu, haijakanyagwa hata na sungura. Kutoka barabarani ghala linauziba nusu. Pa kusimama ni mahali pamoja tu, uani kwake, kando ya ngazi ya sauna.

Msitu wa mtu yeyote unapita, ndiyo haki yetu sote. Lakini ua wa mtu ni ua wa mtu. Sharti uombe. Na mimi na Tyyne hatujasemezana miaka tisa.

Jumanne, 15 Januari

Reijo! Reijo! Mungu anipe subira.

Jana kamera niliiacha barazani, kwenye baridi, ndani ya mfuko wake, kama siku zote. Yeye akaionea huruma. Akaichukua akaiingiza chumba cha kuvulia nguo, pale sauna ilipokuwa inawaka, "ipate joto kidogo, maskini." Asubuhi naikuta inatoka jasho kama mpishi wa harusini. Ukungu mpaka ndani ya lenzi. Miaka thelathini na tisa ya ndoa namwambia kitu cha baridi hakitiwi kwenye joto ghafla, na bado!

Anasema alitaka kunisaidia. Najua. Ndiyo maana siwezi hata kumgombeza vizuri.

Kamera iko juu ya kabati, imefunguliwa kila kinachofunguka. Leo hakuna kazi.

Redio nayo ina yake: Ijumaa mchana upepo kutoka kusini, na joto litapanda juu ya sifuri. Maana yake theluji yote itaporomoka matawini, pwaa! Miti itabaki uchi. Nina asubuhi tatu, na mojawapo kamera haitakuwa imekauka.

"Si umwombe tu Tyyne," Reijo kasema, mdomo umejaa viazi. "Yaliyopita si ndwele." Rahisi kwake. Si yeye aliyeyasema yale maneno.

Jumatano, 16 Januari

Bado ina ukungu. Nimeoka mikate ya iliki, nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Reijo ametorokea ziwani kuvua samaki kwenye tundu la barafu, na simlaumu.

Basi niandike, si hakuna asomaye.

Oiva, mume wa Tyyne, alikata ile miti myeupe ya mpakani. Miti kumi na miwili, niliyokuwa naipiga picha kila vuli. Ilikuwa yake, upande wake, hakuvunja sheria yoyote. Mimi nikamkuta dukani, kwenye foleni, watu wote wanasikia, nikamwambia ana jicho la nguruwe: anaona chakula tu, uzuri haoni. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilijiona bingwa wa maneno siku ile.

Hiyo ilikuwa Februari. Aprili moyo ukamsimama Oiva, mbele ya ghala lake.

Mazishini sikwenda. Nilisingizia mafua. Nilikaa hapa hapa mezani, kengele za kanisa nazisikia, pua yangu kavu kabisa. Niliona aibu. Baadaye nikaona aibu ya kuona aibu, na mwaka ukapita, na wa pili. Tukikutana dukani mimi nasoma maandishi ya kopo la mbaazi mpaka apite. Nayajua makopo ya mbaazi kuliko mtu yeyote hapa Kuusamo.

Alhamisi, 17 Januari

Kamera imepona!

Nami nikajifanya mjanja. Nikazunguka na skii kupitia msituni nyuma ya shamba la Tyyne, ambako ni haki yangu, na lenzi ndefu. Wapi! Kwa nyuma jua linaipiga lenzi usoni, na mtungi wa gesi uko pembeni. Nikasogea kidogo. Nikasogea tena. Nikazama mpaka kiunoni, skii moja ikachomoka, nikawa napapasa chini kama ninayetafuta chawa.

Ndipo Tyyne akatoka kuchukua kuni.

Akaniona. Mwanamke mzima, nusu mwili theluji, lenzi urefu wa mkono imeelekezwa nyumbani kwake! Nilinyanyua fimbo ya skii, kama salamu. Akasimama na zile kuni mkononi. Akaingia, akafunga mlango, polepole.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mmoja tu. Reijo kanimiminia kahawa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho nabisha hodi. Nikifukuzwa, nimefukuzwa. Nitaipokea Novemba yangu.

Naogopa kweli kweli. Si habari ya picha tu.

Ijumaa, 18 Januari, saa nne na dakika kumi asubuhi

Niko jikoni kwa Tyyne! Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya picha.

Nilibisha saa tatu. Kamera nimeiacha barazani, kwenye baridi yake. Akafungua. Nikasema nimekuja kuomba ruhusa ya kusimama uani, dakika kumi tu, kwa ajili ya msonobari. Niliikariri njia nzima hiyo sentensi. Akanitazama.

"Kahawa kwanza," akasema.

Kahawa ya mtu hukatai. Nikakaa. Akamimina, akakata mkate. Tulikunywa, saa ya ukutani inapiga kelele. Nikaona nikingoja nipate ujasiri nitazeekea pale. Nikasema: "Tyyne, yale niliyomwambia Oiva."

"Jicho la nguruwe," akasema. Tena upesi!

"Nisamehe."

"Alicheka, unajua. Alirudi akanisimulia huku anavua buti, alicheka mpaka akakohoa. Majuma mawili kila nikimwita mezani ananijibu kwa mlio wa nguruwe." Akafuta makombo mezani, ambayo hayakuwepo. "Hilo halikuniuma, Helka. Kanisani nilikuwekea nafasi. Benchi la pili. Niliweka mkoba wangu, watu wasikae."

Nililia. Basi. Niliona heri angenipiga.

Hakunibembeleza, wala si mtu wa hivyo. Akanisogezea sahani. "Kula, shoga. Mwanga wako unafika saa ngapi?"

Nikasema saa nne na nusu unagusa kilele.

"Basi kaa unywe cha pili. Nina kikazi hapo nje." Akavaa koti la Oiva, akatoka.

Mbingu imeanza kuwa ya waridi. Upepo bado. Mti uko vile vile, haujapoteza hata tawi moja la theluji, na kutoka dirishani hapa naona pa kusimama, mbele yake peupe, hapajaguswa –

Yarabi.

Tyyne ana beleshi. Yuko katikati ya ule uwanda. Anasafisha njia! Kutoka ngazi ya sauna moja kwa moja hadi chini ya mti, pana, imenyooka, theluji anairusha huku na huku. Ananisafishia mimi, nisizame kama jana.

Nimeinuka. Nimeshika komeo la dirisha, mdomo umeshafunguka nimwambie aache, theluji ya picha yangu anaichimba.

Akajinyoosha, mkono mgongoni, akanitazama. Uso mwekundu, mvuke unamtoka. Kwetu mtu hakusafishii njia kama hakutaki. Ana miaka sitini na saba na kiuno kibovu.

Nimeliachia komeo. Nimempungia mkono.

Kapunga naye, kaendelea. Amefika mtini. Beleshi amelichomeka pembeni, amerudi katikati ya njia yake. Haondoki. Anajipangusa theluji mabegani, anavuta kofia iwe sawa – anadhani ndivyo nilivyotaka, mti na mwenye mti.

Kilele kimewaka. Sasa anafunga vifungo vya koti la Oiva, kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa.

Viatu vyangu nimeviweka wapi?