Nusu ya Vidonge vya Luena

Jumanne. Hapa Liège mvua imenyesha tangu asubuhi, mvua nyembamba isiyo na radi. Kwetu Kamina hii tusingeiita mvua.

Leo nimerudishiwa sauti yangu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nina kifafa tangu nikiwa na miaka tisa. Chini ya ngozi ya kifua changu kuna kifaa kidogo, na waya wake umezungushwa shingoni kwenye neva ya vagus, ile inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Kila baada ya dakika chache kifaa kinatuma umeme kidogo, na umeme huo unapunguza kifafa. Kile cha kwanza kilikuwa kinaitikisa neva nzima. Kweli kuanguka kulipungua, lakini sauti ikawa inakwaruza na kukatika katikati ya neno. Nikaacha kwaya. Yaya Numbi, dada yangu mkubwa aliyebaki Kamina, akipiga simu alikuwa akiniuliza, "Weye unalia?" Mwishowe nikaacha kupokea simu zake.

Nilisema ni kwa sababu ya sauti. Haikuwa kweli yote.

Kifaa kipya kinachagua. Kina ncha nyingi ndogo kuizunguka neva, na kila ncha inagusa nyuzi zake tu. Asubuhi daktari amezijaribu moja moja huku nikisoma kwa sauti. Ya kwanza, sauti ikakwama. Ya pili, kikohozi. Ya tatu, moyo ukasita, akaizima upesi. Kisha nikasoma ukurasa mzima bila shida, nikamuuliza ataiwasha lini ya nne.

"Inafanya kazi tangu mstari wa kwanza," akasema.

Kama itazuia kifafa vilevile, miezi ndiyo itasema. Lakini nilitoka pale bila kisingizio.

Kwenye basi mawazo yangu yote yalikuwa Kamina. Niliona ua wetu karibu na kanisa la Wamethodisti, baba akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, mama akisonga bukari. Nilisikia harufu ya samaki wakavu waliotoka ziwa Kisale. Nikamwona Yaya Numbi, miaka kumi na tisa, ameketi mavumbini nje ya shule, kichwa changu juu ya paja lake, akiwafukuza watoto waliokuja kutazama. Watu waliogopa mate yangu. Siku moja kwenye karamu ya ubatizo hakuna aliyetaka kikombe nilichonywea. Yaya Numbi alikichukua mbele ya wote, akakijaza maji, akanywa mpaka chini.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwekea kinyongo miaka yote hii.

Ilikuwa mwaka wa 1998, vita imeanza tena. Treni iliyotuletea dawa kutoka Lubumbashi ilikatika. Vidonge vyangu vilikuwa vimebaki vya siku sita. Tulisikia kwamba muuguzi mmoja kule Luena bado anavyo. Baba hakuweza kwenda. Wanaume walikuwa wanakamatwa njiani wabebe mizigo ya askari. Yaya Numbi akafunga kitenge, akaazima baiskeli, akaondoka na akina mama wauza muhogo.

"Minyi nitarudi," aliniambia. "Weye kaa karibu na mama."

Alirudi siku ya nane, miguu imevimba, na vidonge nusu ya vile alivyopewa.

"Nilikutana na mama moja mu njia," alisema. "Mutoto wake alikuwa anaanguka, anaanguka. Nikamupa nusu."

Baba alimsifu, akaomba sala ya shukrani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaitikia amina na wengine. Vidonge viliisha wiki mbili kabla treni haijarudi. Nikaangukia mbabula, jiko letu la mkaa, makaa yakiwa mekundu. Kovu linaanzia kiwiko cha kushoto na kuishia kwenye kifundo cha mkono. Kila nikiliangalia nilikuwa namwona mtoto yule mwingine, mzima, akila dawa yangu. Nilimpa hata sura. Nilimpa gauni la njano.

Saa tisa alasiri nimepiga simu Kamina. Nimemwambia yote, kwa sauti isiyokatika. Nimemwambia nilimchukia kwa sababu alimpenda mtoto wa watu kuliko mimi.

 

"Hakukuwa mutoto," akasema.

Sikuelewa.

"Hakukuwa mutoto, wala mama yake. Ni basoda, baaskari ba ku bariera mu njia. Balimwanga kila kitu chini. Balisema hii ni dawa ya kupelekea baadui. Nusu ile nilikuwa nimeifunga mu nywele, njo hii balikosa kuona."

Nimemuuliza kwa nini hakusema.

"Weye ulikuwa unapita mbele ya basoda kila siku ya kwenda ku masomo. Ukiogopa, unaanguka. Ningesema nini?" Kisha akaongeza: "Na baba angeniuliza balinifanya nini ingine. Sikutaka aniulize."

Nami sikuuliza. Nilimsikia anavuta pumzi, kisha akaanza kunieleza habari za mahindi yake, kwamba mwaka huu yamekubali. Tumezungumza karibu saa nzima. Hatukurudi kule.

Sasa mvua imekatika na mimi bado nimekaa jikoni na koti langu. Miaka yote nimemlaumu mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa, na dada yangu aliniacha nimlaumu, kwa sababu hiyo ilikuwa nyepesi kwangu kuliko ukweli.

Uzito ule aliubeba na nani?