Bati la Bibi Gaudensia

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na matope ya kijiji cha Ruanda bado yako kwenye viatu vyangu hapa mlangoni. Sina nguvu ya kuviosha.

Leo nimetoka kumzika Mzee Kandidus. Si ndugu yangu. Mimi ni mwandikishaji tu wa mradi wa sola za bure, yule dada wa fomu, na wamenipokea vizuri kupita kiasi. Nimepewa kiti. Nimeletewa ugali na maharage kabla ya wakwe.

Acha niandike, maana nikimwambia mtu kwa mdomo nitaanza kujitetea.

Mvua zilipoanza ndipo nilipofika kwao mara ya kwanza. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, analala chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mkewe, Bibi Gaudensia, alikuwa akiamka kumgeuza ili asipate vidonda, na cha kumulikia alikuwa na koroboi tu. Moshi wake ulimpa mzee kikohozi cha kukata pumzi. Basi bibi akawa anamgeuza gizani, kwa kupapasa. Kama kuna nyumba iliyohitaji taa kata nzima, ni ile.

Lakini fomu yetu ina swali la paa. Nyasi, unaandikwa. Bati, wewe si maskini, kwaheri. Bati la bibi lilinunuliwa enzi hizo kahawa inalipa na mzee ana miguu yake. Sasa ni kutu tupu. Bati ni bati, mradi hauangalii kutu.

Nilikuwa nimechoka, bado nina nyumba kadhaa za kupanda huko juu, nikamtania: "Bibi, bati hili ndilo linakuponza. Ungekuwa na nyasi ningekuandika sasa hivi." Nikacheka. Naye akacheka, akanipa ndizi za njiani.

Niliporudi kwa uhakiki, nyumba ilikuwa ya nyasi.

Niliona. Jamani, niliona! Boriti zilikuwa na matundu ya misumari. Nyasi zenyewe mbichi, maana nani anakata nyasi za kuezekea wakati wa mvua? Hizo hukatwa kiangazi, zimekauka. Bati lilikuwa limelazwa nyuma ya banda la nguruwe, limefunikwa mabua. Vijana wa jumuiya yake ya kanisani ndio waliomsaidia kuezua. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mafundi wakishafunga taa, bati linarudi juu siku hiyo hiyo.

Nikaweka alama kwenye nyasi. Nikajiona mjanja, nimeushinda mradi kwa fomu yake wenyewe. Nilishuka ule mlima naimba.

Mafundi hawakuja wiki ile. Wala iliyofuata. Gari la vifaa lilikuwa limekwama kwenye tope. Bibi akamwomba jirani anipigie: je, arudishe bati kwanza, maana panavuja? Nilikuwa sokoni Mbinga, nachagua nyanya. Nikamjibu, "Asirudishe. Wanaweza kufika wakati wowote, wakikuta bati watamfuta."

Sikuuliza panavuja wapi.

Palikuwa panavuja juu ya kitanda cha mzee. Bibi akakisogeza, na huko kukavuja. Akamfunika mzee kwa turubai la kuanikia kahawa. Kifua kilichoanza na moshi kikamalizwa na baridi.

Mafundi walifika Jumamosi. Hawakupata pa kufungia paneli kwenye nyasi zile zilizolegea, wakachimbia nguzo uani, huku wakilalamika kwamba wangekuta bati wangemaliza upesi. Mzee akafariki Jumatatu usiku, taa ikiwaka. Bibi amenisimulia bila chozi: "Safari hii nilimwona uso wake."

Naona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Leo mchana kweupe taa ilikuwa inawaka. Bibi hataki izimwe. Tulipotoka makaburini alinishika mkono, akanivuta pembeni. Nikajua sasa natukanwa, na nilitaka nitukanwe. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba:

"Mwanangu, sasa naweza kurudisha bati? Hawatachukua taa?"

Nikasema rudisha, bibi, leo leo. Vijana waliochimba kaburi ndio haohao waliopanda juu na nyundo. Mimi nilishika ngazi. Sikumwambia kwamba kuna ukaguzi wa mwisho, na mkaguzi ni mimi.

Fomu iko hapa mezani, imelowa pembeni. Paa: nyasi au bati. Nikiandika bati, wataifuata taa. Nikiandika nyasi, mradi utaendelea kuamini kwamba swali lake ni zuri, na kuna nyumba nyingine itaezuliwa juu ya mgonjwa.

Kukicha naipeleka ofisini kwa mkono wangu. Nitaandika bati. Nyuma ya karatasi nitaandika yote haya, nilichomtania na nilichomjibu nikichagua nyanya, na jina langu kamili. Kisha nitapanda kwa bibi nimweleze na yeye, maana bado ananiombea baraka.

Wakiitaka taa yao, wapande wenyewe wakamwambie aizime. Mimi siizimi.