Mkweo Aliyeshuka na Ndege

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, presha imetulia, na lile goti limekubali kupanda ngazi za barazani bila kukupigia kelele. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anataka kuimba. Binti yako ni mzima wa mwili, anakwenda kazini kwenye duka la dawa na kurudi. Mimi naendelea na ofisi yangu ya bima, ninawauzia watu utulivu ambao mwenyewe sina.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mbili mfukoni. Nimekupigia mara nyingi siku hizi, Mama, na kila ukipokea najikuta nauliza habari za mvua. Mwezi uliopita uliniuliza swali, ukasema nisikufiche: umemkosea nini mwanao, hata siku hizi akija kwako anakaa kama mgeni, anaomba ruhusa kufungua kabati la vikombe alilolijua tangu utotoni, anaosha vyombo na kuaga kabla chai haijapoa. Nikakujibu ni kazi nyingi. Si kazi. Jibu ninalo, lakini kwa simu limenishinda, kwa hiyo naliandika. Nivumilie nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitakimbia.

Habari yenyewe ni hii: binti yako alikuwa anaruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Keti kwanza, kama umesimama. Yu salama, na ameacha. Na aliyempeleka huko ni mimi.

Ilianzia ofisini. Katika bima ya maisha kuna maswali ambayo ni lazima nimuulize kila mteja: unavuta sigara, unaendesha pikipiki, unaruka kwa mwavuli? Hilo la mwisho nimeliuliza miaka nenda miaka rudi, na watu hucheka wakasema la. Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, mshonaji wa sare za shule, akasema naam, anaruka, kila Jumamosi hali ya hewa ikiruhusu. Kisha akanitazama nilivyokaa nyuma ya meza na tai yangu, akaniuliza kama mimi huwa naruka hata dimbwi. Wenzangu walicheka hadi kazi ikasimama. Unanijua, Mama, mdomo wangu hauna breki. Nikawaambia wangoje waone, kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimeruka. Ndivyo mdomo ulivyoponza kichwa.

Binti yako aliponisikia alisema haya, twende, atanisindikiza na chupa ya chai. Uwanja wenyewe ni nyasi tupu pembeni mwa mji, pamoja na banda la mabati ambamo miavuli hutandazwa sakafuni na watu huikunja wakiwa wamepiga magoti. Mkufunzi mkuu ni mtu mfupi, mpole, na wote wanamwita Nanga. Mtu kazi yake kuruka angani, anaitwa Nanga, jionee mwenyewe. Asubuhi ile mwanafunzi mmoja hakufika. Nanga akauliza kama bibie angependa kujifunza naye, badala ya kukaa anatulindia viatu. Binti yako akaniangalia, nami kwa kujitia mwanamume nikasema kwa nini asijaribu.

Siku nzima tulifundishwa chini. Tulilala kifudifudi juu ya vibao vyenye magurudumu, tukajipinda, kiuno mbele, kidevu juu, mikono wazi. Tulifundishwa kusoma saa ya kimo inayovaliwa mkononi, kuvuta mpini wa mwavuli pale nyongani, kuutupa mwavuli mkubwa ukikataa kufunguka vizuri na kuvuta ule wa akiba, kutua miguu ikiwa imeshikana na magoti yamelegea. Mimi niliuliza maswali mengi kuliko wote, na mengine nikayajibu mwenyewe. Binti yako aliuliza machache, akarudia kila kitendo hadi mikono ikazoea, kama anavyosoma cheti cha dawa mara mbili kabla ya kushusha kopo kwenye rafu. Jioni Nanga alisema tuko tayari kwa kesho.

Kesho ikaja. Ndege ni ndogo, haina viti, tumekaa sakafuni magoti kwa magoti. Mwanafunzi huruka na wakufunzi wawili, mmoja kila upande, wamemshika. Mlango ulipofunguliwa, upepo uliingia na kelele zake zote, na wa kwanza nilikuwa mimi, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeomba niwe wa kwanza. Nilisogea hadi mlangoni. Nikaona mashamba huko chini yamekuwa madogo kama viraka. Mkono wangu ukakamata bomba la mlangoni, na Mama, haukuachia. Nanga aliniuliza kwa ishara. Nikatikisa kichwa. Akauliza tena, pole pole, nikatikisa tena. Akanipigapiga bega, akanirudisha nyuma, akanifunga mkanda.

Ikawa zamu ya binti yako. Alinitazama. Alikuwa ananiuliza kwa macho tu, aende au abaki nami. Nilitazama buti zangu. Akaenda.

Mimi nilishuka na ndege. Rubani, mtu muungwana kweli kweli, alinisimulia njia nzima jinsi paa la nyumba yake linavyovuja, ili nisilazimike kusema kitu. Pale uwanjani wana sharti moja: aliyeshuka na ndege hachekwi. Nanga aliwaambia wote kwamba hata yeye aliwahi kushuka hivyo hivyo, na hakuna aibu mtu kuujua moyo wake. Nikamiminiwa chai kutoka kwenye chupa yetu wenyewe. Wangenicheka, ningejicheka nami, yakaisha. Upole wao ndio ulionichoma.

Binti yako alitua mbali kidogo, akakaa kwenye nyasi, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Aliponiona akaja mbio, mwavuli ameukumbatia kifuani na kamba zinaburuta nyuma, akaanza kuniambia: kwamba huko juu huhisi kuanguka, unahisi umeegemea kitu, kwamba mwavuli ukishafunguka panakuwa kimya, unasikia mbwa wa watu wakibweka huko chini. Na mimi, Mama, nikamuuliza funguo za gari ziko wapi. Nimejutia mambo mengi maishani, lakini hilo nikilikumbuka nikiwa nanyoa ndevu, naweka wembe chini.

Jumatatu ofisini nilisema tumeruka. Waliponiuliza kukoje, nikawasimulia habari ya kuegemea na ya mbwa kubweka. Maneno yalikuwa yake, yote. Walinipigia makofi.

Yeye akaendelea. Kila Jumamosi aliondoka na chupa ya chai, nami nikabaki napiga pasi. Sitaki unione shetani mtupu: hofu ilikuwepo, tena ya kweli. Simu ikilia mchana wa Jumamosi, niliikimbilia nikaisahau pasi juu ya shati. Lakini nikikuambia ilikuwa hofu tu nitakuwa naongeza dhambi juu ya dhambi. Ulikuwa wivu. Alikuwa anarudi uso unang'aa, ana njaa, anaimba bafuni, na furaha ile si mimi niliyempa. Nilimwomba aache, akaniambia kwa upole nimpe muda. Nilinuna, akaniacha ninune. Mwenye kununa mwenyewe mwisho huchoka, akasema, na chai akaweka.

Hakutaka ujue bado. Alisema atakuambia mwenyewe akikaribia kuhitimu, na siku atakayoruka peke yake bila kushikwa na mtu, wewe utakuwa umekaa pale kwenye nyasi. Alikwisha kuchagua na kiti, kile chenye mto, kwa ajili ya goti lako. Alisema dunia nzima itamwona kichaa isipokuwa wewe, kwa sababu alipokuwa mdogo wewe ndiye uliyekuwa ukisimama chini ya ukuta wa tangi la maji, ukamwambia aruke, utamdaka, huku marehemu baba anafoka dirishani. Alinisimulia hilo mara nyingi, na kila mara alicheka kabla ya kulimaliza.

Sasa nafika penyewe.

Jumamosi moja alirudi akichechemea. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka kidogo, alikanyaga vibaya wakati wa kutua. Alikaa jikoni, mguu ndani ya ndoo ya maji baridi, akasema haidhuru, karibu ataruka peke yake, na ameanza kufikiria namna ya kukuambia. Nami nikaona mwanya. Nikamwambia umekwisha kujua. Nikamwambia ulipiga simu akiwa uwanjani, nikashindwa kukuficha, ukalia mpaka presha ikapanda. Akaniuliza, Mama alilia? Nikasema ndiyo. Akaniuliza ulisemaje hasa. Ningeweza kuishia hapo, Mama. Lakini uongo ukishatoka mmoja hauna haya, unawaita wenzake. Nikasema umesema hukumzaa ili uje umzoe kwa kijiko. Kwamba akitaka kuruka na aruke, ila asikuite mama tena. Nikaongeza kwamba hutaki jambo hilo litajwe mbele yako, si kwa simu wala ana kwa ana, kwa kuwa daktari amesema moyo wako hautastahimili.

Hukupiga simu siku ile. Hukujua lolote. Maneno yote yale ni yangu, niliyatunga nimeegemea friji.

Hakulia. Alitoa mguu kwenye ndoo, akaufuta, akalikunja vazi lake la kurukia, akaliweka juu ya kabati chini ya blanketi za wageni. Nikadhani yamekwisha, Jumamosi zangu zimerudi. Kumbe nimejiletea mtu aliyetulia kama maji mtungini, anayenijibu kila ninachomuuliza na haniulizi kitu. Nawe ukaanza kumpoteza mtoto bila kulijua kosa lako, ukaja kuniuliza mimi, mimi wa watu wote, nami nikakujibu ni kazi nyingi.

Juzi ulipiga simu tukiwa tunaosha vyombo. Jina lako likawaka pale mezani, yeye akaendelea kufuta sahani ambayo ilikuwa kavu tayari. Nikamwambia apokee. Akasema kukatazwa hakumuumi, mama ana haki ya kukataza. Kinachomuuma ni kwamba neno zito kama lile hukumwambia yeye, ulinipa mimi nilibebe. Simu ikanyamaza. Nilikwenda msalani nikafungua bomba ili asinisikie.

Mama, nisamehe. Najua msamaha hauombwi kwa karatasi, na nitakuja mwenyewe kuuomba nimepiga magoti, ukinifungulia mlango. Nimekuandikia wewe kabla ya kumwambia yeye kwa sababu moja. Akilisikia kwangu, atakachokijua kwanza ni kwamba mumewe ni mwongo, na hasira hiyo itamchukua siku nyingi. Akilisikia kwako, atakachokijua kwanza ni kwamba mama yake hakumkana. Habari yako ndiyo inayotakiwa imfikie mapema. Yangu nitaikabili nikiwa hapa hapa nyumbani, sitatoka kwenda popote. Anaweza kuniambia nifungashe virago. Naogopa, sikufichi, lakini nitakuwa nimeyataka mwenyewe.

Nimekwenda kwa Nanga nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja mwavuli. Alisema tu kwamba nafasi ya binti yako ipo, Jumamosi yoyote, mradi arudie kwanza mafunzo ya chini. Sijamwambia, wala sitamwambia. Mwambie wewe, ukipenda. Na kama baada ya kusoma haya yote wewe kweli hutaki mwanao aruke, basi mkataze kwa kinywa chako. Atalia, mtagombana, mtanuniana, mtapatana, kama mama na mwana. Ugomvi huo utakuwa wenu. Hii adabu baridi iliyopo kati yenu sasa si yenu, niliwatengenezea mimi.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani, na jirani yako mwenye cherehani. Mwambie sijasahau kwamba nilimwahidi kumtafutia sindano. Mjukuu wako anakuamkia, na anasema ukimwona bila meno usicheke. Barua hii nampa dereva wa ofisini anayekuja huko kesho, akukabidhi mkononi.

Ukimaliza kuisoma, usinijibu mimi. Mpigie yeye. Ikiita bila kupokelewa usikate tamaa, piga tena. Huwa amesimama karibu nayo.

Ni mimi mkweo, ambaye ulikuwa ukimwita mwanangu.