Njia Niliyoikata kwa Kisu

4 Machi

Kwako mpwa wangu, mchoraji wa familia,

Salamu zikufikie hapo kwenye meza yako ya kuchorea, na kama umesinzia zikuamshe. Mimi mzima. Kifua kinakohoa kidogo asubuhi, lakini ni kikohozi cha heshima. Daktari alikisikiliza akasema hajawahi kukutana na kifua chenye sauti nzuri namna hii. Wewe je? Macho? Mgongo? Unakula?

Karata zako za kutabiria zimefika, zote ishirini na mbili. Nilizipeleka kiwandani na mashine zote za uchapaji zikasimama. Nakuambia zilisimama! (Umeme ulikuwa umekatika, lakini hata ungekuwepo zingesimama.) Kipara, yule mfunga vitabu, aliishika karata ya Mwezi akanyamaza, na Kipara akinyamaza ni habari ya kutangazwa redioni.

Mimi shuleni sikufika mbali, darasa la saba lilinikimbia. Lakini picha naisoma. Huyu Juha anayetembea ukingoni mwa korongo huku anatazama mawingu, umemvika viatu viwili visivyofanana. Maana yake aliondoka kwao haraka. Mnara unaopasuka: fundi aliiba saruji, na ndiye huyo anayeanguka wa kwanza, safi sana. Yule aliyening'inia kwa mguu mmoja umempa uso uliotulia, na hapo nimekuvulia kofia, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuning'inia hivyohivyo kwenye winchi ya kiwandani kuanzia saa nne mpaka chakula cha mchana, nikaona dunia ikiwa juu chini inaeleweka zaidi. Mzee wa Taa tu sikumpenda. Umemsimamisha mlimani peke yake, na mwanga wa taa haufiki hata miguuni mwake. Anamtafuta nani? Mpe hata mbwa.

Watu wanamiminika kutabiriwa. Juzi foleni ilifika kwa kinyozi. Nyumba imejaa, mwanangu, sina pa kuweka mguu. Chumbani kwako yumo mpangaji wangu mpiga tarumbeta; akipuliza, vikombe vinacheza kabatini. Basi usiwe na wasiwasi na mimi.

Jambo moja. Waliokukatia hizo karata wamekuaibisha. Wameacha ukingo mpana chini, una mstari mwembamba wa kukatia ambao hawakuufuata, tena na vidoa vya wino vimemwagika. Miaka thelathini na mmoja niko kwenye kisu cha mashine, siwezi kuvumilia kitu kama hicho. Nimezikata zote ishirini na mbili kwa mkupuo mmoja. Zimenyooka. Usinishukuru.

Mjomba wako,
Mkasi


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Pole na kikohozi. Mimi sijambo; macho yanauma kidogo, mgongo haulalamiki, chakula nakula nikikumbuka.

Barua yako nimekaa nayo karibu mwezi mzima. Sikujua nianzie wapi.

Ule haukuwa mstari wa kukatia. Ilikuwa njia. Kwenye karata zinazouzwa haupo. Niliuchora kwa mkono kwenye seti moja tu, yako. Ungezipanga ubavu kwa ubavu kuanzia Juha hadi Dunia, mstari wa kila karata ungeungana na wa jirani yake, ukawa barabara moja. Na vidoa si wino uliomwagika. Ni watu wawili. Ungevaa miwani ungewaona.

Ni siku ile uliyonifuata stendi baada ya kumzika mama. Nilikuwa na miaka sita. Ulibeba sanduku langu kichwani ukaniambia ndani amelala chui, ndiyo maana lazima tutembee taratibu tusimwamshe. Nilisahau kulia, nikawa nanyata njia nzima. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba ulikuwa unapunguza mwendo kwa sababu ya miguu yangu.

Karata zenyewe nilizichora kwa ajili ya kazi. Ule ukingo niliuchora kwa ajili yako.

Nina likizo Julai, wiki mbili. Nilitaka kuuliza kama naweza kuja, ni miaka sita sasa sijafika. Lakini chumba kina mtu na nyumba imejaa, basi nitaimaliza hukuhuku. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, ila ni ukuta msafi.

Vipande vipo?

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Natumai macho yamepata nafuu. Mimi mzima, mikono tu imechubuka.

Ulipouliza vipande, vilikuwa ndani ya magunia ya mabaki nyuma ya kiwanda. Magunia kumi na tisa, marefu kama mimi. Lori la kuyachukua huja likijisikia, na bahati yako halikuwa limejisikia. Nilimwambia msimamizi, "Leo kisu kinapumzika." Akaniuliza, "Kwa ruhusa ya nani?" Nikamwambia, "Ya chui." Akaniacha, alidhani nina homa.

Siku tatu niko ndani ya karatasi. Nilikuta kalenda za mwaka juzi, maganda ya kiberiti na nusu ya sura ya mgombea fulani. Kipara alikuja kunicheka, akaishia kushika gunia la upande wa pili. Gunia la kumi na saba, vipo! Ishirini na kimoja. Cha Dunia, cha mwisho, hakuna. Nilikung'uta mpaka nyuzi za gunia.

Nimenunua miwani. Si kwamba naihitaji.

Nilivipanga sakafuni, kuanzia mlango wa mbele, kimoja baada ya kimoja, hadi chumbani kwako, pale kilipokuwa kitanda chako. Sasa pako wazi, njia ikapita bila kupinda. Nikapiga magoti nikaifuata. Tupo. Wadogo kama sisimizi, tunapita chini ya Mnara, chini ya Jua, na chini ya Mzee wa Taa umetuweka karibu kuliko pote, kana kwamba ile taa anatumulikia sisi. Kumbe tulikuwa tunapita kwake, hakuwa peke yake. Nimemsamehe.

Ila umenichora nimeinama. Sikuinama. Au niliinama?

Kipande cha mwisho kilikuwa na nini?

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ahsante kwa magunia. Mpe mkono Kipara. Ndiyo, uliinama. Ulikuwa unanisikiliza.

Kipande cha mwisho kilikuwa na nyumba. Wale wawili hawapo tena njiani. Yupo mmoja tu nje, mtu mzima, mwanamke mwenye begi, na mlango umefungwa. Nilitaka kuuchora wazi. Kila nilipokuwa nikishika kalamu nilikumbuka barua zako za nyuma, nyumba imejaa, wageni hawaishi, nikaona ningekuwa nachora uongo.

Sasa nakuuliza kitu, na usinijibu kwa hadithi. Umepanga karatasi mpaka chumbani kwangu, mahali pa kitanda pako wazi. Mpiga tarumbeta analala wapi?

Mpwa wako


19 Juni

Mwanangu,

Hujambo. Sijambo.

Hii ni barua ya tisa, nane nimezichana. Zote zilikuwa nzuri sana. Katika mojawapo mpiga tarumbeta alichukuliwa na jeshi.

Hakuna mpiga tarumbeta. Hakuna foleni. Aliyekuja kutabiriwa ni kinyozi peke yake, naye alikuwa amekuja kurudisha ngazi. Nikitoka kazini nafungua mlango na nyumba iko vilevile nilivyoiacha, hata kikombe. Nakula nimesimama. Nilisema imejaa ili usije ukarudi kwa kunihurumia, ukaacha kazi yako. Niliona hilo ni jambo la kiume. Nimelitazama kwa miwani, si la kiume.

Kile kipande nimekichora upya mwenyewe. Kimo humu ndani ya bahasha. Usicheke. Ile ni nyumba, ingawa Kipara anasema ni redio. Yule wa nje ni wewe. Yule wa ndani ni mimi, miguu ilinishinda kuichora nikaificha nyuma ya ukuta. Mlango wazi sikuweza kabisa kuuchora. Kila nilipojaribu ulitoka kama meza. Basi nikafanya ninachokijua. Nikachukua kisu nikaukata. Kiinue kwenye dirisha lako na utauona huo ukuta wa jirani kupitia mlangoni kwangu.

Kitanda nimekirudisha. Julai, kila basi litakaloingia, nipo stendi. Sanduku nabeba mimi. Chui huenda bado amelala, tutatembea taratibu. Safari hii kwa sababu ya miguu yangu.

Mjomba