Bao la Wellars

Jumapili jioni, Machi 1992

Miguu inawaka moto. Nimetembea kutoka uwanjani Nyamirambo mpaka hapa Gatsata, kwa sababu kiingilio kimepanda tena na nauli ya kurudi imebaki mlangoni. Pamoja na pesa ya viatu vya binti yetu Claudine.

Na nimelipa! Hilo ndilo linaloniudhi. Zaidi ya saa nzima nimekaa juani, sifuri kwa sifuri. Jirani yangu Wellars, fundi wa magari, alikuwa nje ya ukuta anatafuna karanga. Anajua kwamba dakika kumi za mwisho milango inafunguliwa, na anayetaka anaingia bure.

Ikafunguliwa. Watu wakamwagika ndani, wakasimama mbele yetu sisi tuliolipa. Nikabaki naona migongo. Ghafla uwanja ukalipuka: bao letu! Sikuona kitu.

Njiani Wellars alinisimulia mara tatu. "Umeona ile, mzee? Mguu ya kushoto! Kipa iko chini, mpira iko ndani!"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Afadhali angegomba. Aliuliza tu, "Baba Claudine, mmeshinda?"

Nikamsimulia bao zima, mguu wa kushoto, kipa chini, na mikono nikirusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisogezea viazi.

"Basi pesa ya viatu haikwenda bure," akasema, "kama bao umeliona kwa macho yako."